Fundi anasema gesi ya friji haina madhara. Je, ni kweli?

SWALI: Nina duka la vinywaji hapa Tanga. Mwezi uliopita friza yangu iliacha kugandisha, nikamwita fundi. Alikata mrija, gesi ikatoka yote hewani, ndipo akaanza kuchomelea. Mwanangu wa kidato cha nne akamwambia hiyo ni gesijoto, haifai kuachiwa ovyo. Fundi akacheka. Alisema hii ni R134a, haigusi ozoni, haina madhara, na hata ingekuwa nayo, kiasi cha friza moja ni kitu gani mbele ya anga lote? Mwanangu mwenyewe amesoma kwamba gesi hizi ni chembe mia na kitu tu katika kila chembe trilioni moja za hewa. Nani mkweli hapa? Na kitu kidogo hivyo kinawezaje kuipasha dunia joto?

JIBU: Mama, mwanao ndiye mwenye haki, ila fundi naye hakukudanganya. Alichosema kuhusu ozoni ni kweli tupu. R134a haina klorini wala bromini, na hizo mbili ndizo zinazoila ozoni kule juu. Kwamba ni kidogo, nalo ni kweli. Tatizo ni kwamba aliulizwa habari ya joto akajibu habari ya ozoni. Watu wengi huchanganya mambo haya, wakiwemo waliosoma. Ozoni inatukinga na mionzi mikali ya jua inayoingia. Gesijoto ni gesi zinazonasa joto linalotaka kutoka duniani kurudi angani.

Nianze na uchache, maana ndio unaowashinda wengi. Hewa kavu tunayovuta ni naitrojeni, oksijeni na agoni kwa zaidi ya asilimia 99.9, na zote tatu huliacha joto la ardhi lipite kana kwamba hazipo. Kazi ya kulizuia joto hilo inafanywa na mvuke wa maji pamoja na hicho kisichofika hata asilimia 0.1 kilichobaki. Kwa hiyo hoja ya “ni kidogo mno” ukiishika mpaka mwisho, utaikana hata kaboni dioksidi, ambayo ni chembe 420 na ushee katika kila milioni. Na bila hizi gesi chache, bahari hii mnayoitazama kutoka Raskazone ingekuwa barafu.

Halafu neno “trilioni” linapoteza watu. Chukua kijiko cha chai, ujaze hewa ya hapo dukani kwako. Ndani ya kijiko hicho kimoja mna molekuli za R134a zaidi ya bilioni 15. Na si kwa sababu ya friza yako. Ungekwenda katikati ya Bahari ya Hindi au juu ya Kilimanjaro ungezikuta kwa uwiano karibu uleule katika kila trilioni ya chembe za hewa. Miaka ya 1980 kijiko hicho kingekuwa nazo chache kiasi kwamba vipimo vya wakati ule visingeziona. Tunalijua hilo kwa sababu ya watu wa kituo cha Cape Grim, Tasmania, wenye tabia niipendayo mno: tangu 1978 wamekuwa wakijaza hewa safi ya bahari ya kusini kwenye mitungi na kuiweka ghalani. Ukipata chombo kipya cha kupimia, unafungua hewa ya mwaka unaoutaka. R134a karibu haimo kabisa kwenye mitungi ya kale. Inaanza kujitokeza miaka ya 1990, ilipoingia sokoni, na kuanzia hapo haijarudi nyuma. Sasa imevuka chembe 120 katika trilioni.

Sasa kwa nini chache hizi zina nguvu. Ardhi iliyopigwa na jua hutoa joto kwa njia ya mionzi isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa mawimbi tofautitofauti. Mvuke wa maji unazuia baadhi ya mawimbi hayo, kaboni dioksidi inazuia mengine, hasa yale ya karibu na maikromita 15. Lakini kati ya maikromita 8 na 12 hivi kuna uwazi. Hapo maji na kaboni dioksidi hazishiki sana, na joto jingi la ardhi hutokea hapo kwenda zake. Wataalamu wanapaita dirisha la angahewa. Sasa tazama bahati mbaya ilivyo: kiungo kati ya atomu ya kaboni na atomu ya florini, ambacho ndicho kinachofanya gesi za friji ziwe imara na zisishike moto, hutikisika kwa mawimbi ya hapohapo dirishani. Yaani tabia ileile iliyompendeza mtengeneza friji ndiyo inayoziba mahali pekee palipobaki wazi.

Kuna na jambo la pili. Kaboni dioksidi imeshajaa kwenye mawimbi yake. Ukiongeza molekuli moja zaidi inakuta kazi imeshafanywa na wenzake, inabaki kuongeza pembeni kidogo. (Msiichukue nusu hii mkakimbia nayo, maana hiyo pembeni, kwa wingi tunaoitoa, ndiyo sehemu kubwa ya joto lote.) R134a haijajaa popote. Kila molekuli mpya inakuta kazi inayoisubiri. Ndiyo maana molekuli moja ya R134a hunasa joto kuliko molekuli 10,000 za kaboni dioksidi zikiongezwa hewani leo.

Mwanao akifungua vitabu atakuta namba nyingine, 1,430, akadhani nimetia chumvi. Zote mbili ni sahihi. Hiyo 1,430 inalinganisha kilo kwa kilo, na molekuli ya R134a ni nzito zaidi ya mara mbili ya kaboni dioksidi, kwa hiyo kwenye kilo moja zipo chache. Pia inahesabu athari ya miaka 100, ilhali R134a hukaa hewani kwa wastani wa miaka 14 kabla ya kuvunjwavunjwa. Kaboni dioksidi sehemu yake kubwa huendelea kuwepo karne na karne. Ukihesabu miaka 20 tu badala ya 100, R134a inaruka mpaka zaidi ya mara 3,700. Tume ya Umoja wa Mataifa ya sayansi ya tabianchi, IPCC, kwenye ripoti yake ya 2021 ilipandisha ile ya miaka 100 kufika takriban 1,530, lakini mkataba wa kimataifa unaosimamia gesi hizi bado unatumia 1,430, nami nitaitumia hiyo.

Tuishushe mpaka dukani. Friza ya kulala kama yako mara nyingi hubeba gramu 150 hivi za R134a. Zidisha kwa 1,430: ni sawa na kaboni dioksidi kilo 214. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo gesi iliyotoka ndani ya dakika ile moja inalingana na kuunguza lita 93 za petroli. Bodaboda inayotumia lita 2.5 kwa kilomita 100 ingetoka hapo Tanga ikaenda Dar es Salaam na kurudi mara tano, na mafuta yangebaki. Fundi akifanya kazi kama hiyo mara mbili kwa siku, piga hesabu mwenyewe ya mwaka. Na huyo ni wa friza. Wa AC za magari huachia nusu kilo kwa gari moja, na wa AC za ofisini zenye R410A wanashika gesi ya mara 2,088.

Nisimwonee lakini. R134a ililetwa ichukue nafasi ya R12, ambayo kwa uzito wake hupasha joto mara 10,900 na juu ya hapo inakula ozoni. Fundi aliyefundishwa miaka ya 1990 aliambiwa kwa haki kabisa kwamba hii ndiyo gesi njema. Kwa kulinganisha na iliyotangulia, ilikuwa njema.

Na hili la “haina madhara” lina historia ndefu, halikuanza na fundi wako. Mwaka 1930 mhandisi wa Marekani Thomas Midgley, baba wa gesi hizi, alisimama mbele ya wakemia wenzake, akavuta R12 kinywani, akaipuliza na kuuzima mshumaa. Hai, hakuungua, hakulewa. Friji za wakati ule zilitumia amonia na dioksidi ya salfa, gesi zilizoua watu zikivuja usiku, kwa hiyo watu walishangilia kwa haki. (Huyu Midgley ndiye pia aliyetia risasi kwenye petroli. Sijui mtu mwingine aliyeigusa hewa ya dunia kwa mikono yake miwili namna hiyo.)

Miaka 40 baadaye Mwingereza James Lovelock, aliyekuwa ameshatengeneza chombo chenye uwezo mkubwa mno wa kunusa gesi, akapanda nacho meli ya utafiti Shackleton kutoka Uingereza mpaka Antaktika. Kila alipopima, kaskazini na kusini, aliikuta R11, ya kwenye makopo ya kupulizia na magodoro ya povu. Chembe kadhaa za makumi katika trilioni. Ina maana karibu yote iliyowahi kutengenezwa ilikuwa bado ipo hewani, haiendi popote. Na yeye mwenyewe, mwaka 1973, akaandika kwamba kuwepo kwake hakuna hatari yoyote inayofikirika. Mwaka mmoja tu ukapita, Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi hiyo ikipanda juu kabisa inavunjwa na jua na kumwaga klorini kwenye ozoni. Mwaka 1975 Veerabhadran Ramanathan akaongeza la pili: hata kama tatizo la ozoni lisingekuwepo, gesi hizi zinanasa joto kwa namna ambayo hakuna aliyeihesabu. Fundi wako yumo kwenye kundi la watu wakubwa. Midgley aliulizwa kama inaua mtu, Lovelock alifikiria sumu, na wa miaka ya 1990 waliulizwa ozoni. Kila mmoja alijibu sawasawa swali aliloulizwa.

Mwanao atataka kujua zinakwendaje sasa hivi. Si zote zinapanda. R12 ilifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kushuka, taratibu sana kwa kuwa hukaa hewani miaka 100. R11 ilianza kushuka mapema zaidi, miaka ya 1990. R22 ya viyoyozi vya zamani na ndugu zake zenye klorini kidogo, kwa jumla ya joto wanalonasa, zilifika kileleni mwaka 2021, miaka mitano kabla ya ilivyotarajiwa. Zinazopanda ni za kizazi cha R134a, zile za R410A, na zile zinazosahauliwa: heksafloridi ya salfa, inayozuia cheche ndani ya swichi kubwa za umeme wa gridi, ambayo kilo yake moja ni sawa na kaboni dioksidi zaidi ya kilo 23,000, na tetrafloridi ya kaboni ya kwenye viwanda vya alumini, ambayo ikitoka leo itakaa takriban miaka 50,000. Metani na oksidi ya naitrasi nazo zinapanda, lakini hizo ni habari ya mpunga, ng'ombe, visima vya mafuta na mbolea, na zinataka jibu lao peke yao.

Ukijumlisha jamii yote hii ya klorini na florini, ya zamani na mpya, IPCC inaipa wati 0.41 za joto la ziada kwa kila mita ya mraba ya dunia kufikia 2019. Kaboni dioksidi ina 2.16, metani 0.54. Yaani vitu vinavyohesabiwa kwa chembe katika trilioni vinabeba kama asilimia 12 ya mzigo wa gesijoto zote zinazodumu. Sehemu ya R134a na wenzake wasio na klorini bado ni ndogo ndani ya hiyo, nisikufiche. Kinachotisha ni mwendo, maana watu bado wananunua AC ya kwanza, na sehemu kubwa ya wanunuzi wapya wako kwenye nchi za joto kama zetu.

Kuna kisa kimoja napenda kuwasimulia wanaosema mikataba ni karatasi tu. Mkataba wa Montreal, wa kulinda ozoni, ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na kuanzia 2010 R11 haikupaswa kutengenezwa mahali popote duniani. Ghafla mwaka 2018 wapimaji wakatangaza kwamba R11 imepunguza kasi yake ya kushuka. Isingewezekana hivyo bila mtu kuitengeneza upya kwa siri. Kituo cha Gosan, kisiwa cha Jeju huko Korea Kusini, na kingine cha Hateruma, Japani, vikawa vinakamata mawimbi ya gesi hiyo kila upepo unapovuma kutoka mashariki ya China. Wakairudisha njia ya upepo kwa hesabu, wakafika mikoa ya Shandong na Hebei, tani kama 7,000 kwa mwaka, na uchunguzi wa ana kwa ana ukakuta viwanda vya povu la kuzuia joto vikiitumia. Serikali ya China ikabana. Kufikia 2019 kiasi kilikuwa kimeshuka tena, na vituo vilevile vikaona. Hewani hakuna pa kuficha. Jirani yetu naye ana jicho: juu ya mlima Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, kuna kituo kilichojengwa na nchi hiyo kwa kushirikiana na chuo cha MIT cha Marekani, kinachopima gesijoto za ukanda huu.

Na ni Kigali hapohapo, tarehe 15 Oktoba 2016, ndipo nchi zilipokubaliana kuziongeza gesi za jamii ya R134a kwenye Mkataba wa Montreal, ingawa hazigusi ozoni. Makadirio ni kwamba ikitekelezwa itaepusha hadi nusu ya nyuzi moja ya joto kufikia 2100. Nchi nyingi zinazoendelea zinatakiwa kutozidisha matumizi yao kuanzia 2024, zipunguze asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, mpaka kufikia 80 mwaka 2045. Nchi za Ghuba, Omani ikiwemo, pamoja na India na Pakistani zilipewa muda zaidi, zinaanza kusimamisha 2028. Kwako wewe mwenye duka maana yake ni nyepesi: miaka inavyokwenda R134a itakuwa adimu, na kitu adimu hujulikana bei yake.

Sasa la kufanya, maana hujauliza lakini ndilo litakalokusaidia.

Friza hailagi gesi, Mama. Ni mzunguko uliofungwa. Gesi ileile iliyotiwa kiwandani inatakiwa izunguke mpaka friza inazeeka. Ukisikia “gesi imeisha, nikujazie”, jua imevuja, na isipozibwa ilipovujia utaijaza tena Krismasi. Mara nyingi tundu liko kwenye maungio yaliyochomelewa, na mara nyingi vilevile, samahani, liko ndani kwenye ukuta wa barafu, palipotobolewa na mwenye friza akikwangua kwa kisu. Zima, acha mlango wazi, subiri iyeyuke. Kisu kiache jikoni.

Fundi mzuri utamtambua kabla hajajaza. Anatafuta tundu kwa naitrojeni na povu la sabuni, hatafuti kwa kujaza gesi nyingine ili aone itatokea wapi. Hasafishi mirija kwa R134a ya bure. Anavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, wala harukii kujaza. Na anapima gesi kwa mizani, gramu kwa gramu, hajazi kwa kukisia na kushika mrija kama umepoa. Cha juu kabisa ni mashine ya kunyonya gesi ya zamani na kuirudisha kwenye mtungi badala ya kuiachia. Wachache wanayo, ni ya bei, na simlaumu fundi wa mtaani kwa kukosa. Lakini mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia moja, na gesi iliyonyonywa ikisafishwa inatumika tena, haina tofauti na ya dukani. Usimfukuze fundi wako. Muulize tu hayo manne, na ukimwona anakasirika kwa mizani, hapo tafuta mwingine.

Ukinunua friza mpya, tafuta iliyoandikwa R600a. Hiyo ni isobyuteni, jamaa wa gesi ya kupikia, athari yake ya joto haifiki hata mara kumi ya kaboni dioksidi, na inatiwa kidogo, karibu nusu ya uzito. Inawaka, ndiyo, na ndiyo maana friza zake zimejengwa swichi zisizotoa cheche mahali gesi inapoweza kufika. Kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akutilie gesi ya mtungi wa jikoni kwenye friza yako ya R134a. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuwa ni rahisi na inapoza kweli. Friza hiyo haikujengwa kwa gesi inayowaka, na gesi ya jikoni haijakaushwa wala kusafishwa kwa kazi hiyo. Kapilari, ule mrija mwembamba wa kupitisha gesi, itaziba kwa barafu au cheche itakutana na uvujaji usiku duka likiwa limefungwa.

Mwambie mwanao aende nyuma ya friza, karibu na kompresa, kuna kibati. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Azidishe gramu hizo kwa 1.43, apate kilo za kaboni dioksidi, kisha agawe kwa 2.3 apate lita za petroli. Namba hiyo amwonyeshe fundi siku akija. Na friza hiyo ikichakaa kabisa, usiwape wauza vyuma chakavu waikate mrija barabarani. Mwite fundi mwenye mashine ainyonye kwanza.